Sufuria Haikurudi Tupu

Jamani, leo nimewapelekea mbwa pilau.

Chekeni taratibu, nieleze.

Baridi imeisha hapa Joburg, nikakusanya mablanketi ya zamani niyapeleke kituo cha wanyama wasio na wenyewe. Mume wangu, Baba Salma, akanionya mlangoni: "Peleka unachotaka, ila usirudi na mnyama."

"Sharp," nikamjibu kama watu wa huku, yaani sawa.

Lakini mimi mtu wa Tanga, niende ugenini bila chakula? Nikapika sufuria nzima.

Pale kituoni anafanya kazi Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu. Kufunua tu kifuniko, akapiga ukelele: "Eh mama! Imbwa haikulaka kitunguu, itakufa!"

Eish. Kumbe kitunguu ni sumu kwa mbwa, na wote wananitazama. Aibu niliyoona!

Pilau wakala wafanyakazi. Na mimi na kiherehere changu nikawatania: "Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Hata sijamaliza kusema!

Sufuria ikarudi na taulo ndani, na juu ya taulo kapaka kamelala. Msimu huu paka wanazaa hadi nafasi hamna.

"Ni wewe ulisema, mama," Mama Furaha akanipa fomu.

Nikasaini. Ningefanyaje? Semeni nyie!

Nyumbani, Baba Salma akakimbilia sufuria akwangue ukoko. Akafunua.

Akafunika tena.

Nikamwambia, "Ukoko wako ndio huo."

Akanuna saa nzima. Sasa hivi namsikia jikoni: "Ukoko, njoo kwa baba, mpenzi."

Miaka tisa ya ndoa, mimi hajawahi kuniita kwa sauti ile.