Goti la Mama Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka kama juzi. Nilikuwa mke kijana, sijatimiza mwaka tangu niolewe hapa Bigwa, bado naona haya hata kula mbele ya mama mkwe wangu. Asubuhi hiyo nilimkuta chooni ameushikilia ukuta, machozi yanamtoka. Alikuwa amechuchumaa akashindwa kuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiite mtu, Zena. Njoo unishike kwapani."

Bi Mwajuma hakuwa mtu wa kulialia. Tangu usichana wake alikuwa akishusha matenga ya ndizi na magimbi kichwani, kutoka mlimani mpaka soko la mjini. Tena alikuwa kungwi. Mwali akitolewa nje, ngoma hainogi mpaka yeye aingie uwanjani. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limevimba, na kila akilikunja lilitoa mlio kama wa mtu anayekanyaga vijiti vikavu. Nilimwinua, nikamkalisha kwenye benchi, nikanyamaza kama alivyotaka.

Lakini goti halifichiki. Majirani walimwona anachechemea, na maneno yakaanza. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alikuwa amegombana na Bi Tatu, kungwi mwenzake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Waligombania nani atamsimamia mwali wa ukoo. Basi watu wakaunganisha ugomvi na goti, wakapata walichokuwa wanakitaka.

Jumapili akashuka Mjomba Kondo, kaka yake mama mkwe. Wewe mwenyewe unajua kwetu Waluguru mjomba ana kauli gani. Alikaa barazani na wanaume, sisi wanawake tukakaa mlangoni, akasema bila kuzunguka, "Dada, ugonjwa huu una mtu. Kesho namleta mganga, atutajie."

Hakuna aliyetamka jina, ila macho yote yaligeukia nyumba ya Bi Tatu. Kwetu mlimani kuna mama mmoja aliwahi kutajwa hivyo. Alihama na wajukuu zake, nyumba yake ikaota majani mpaka mlangoni.

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Kondo, mimi na Tatu tumegombana juzi. Goti hili linaniuma tangu mwanangu Ramadhani hajamwoa huyu Zena, nilikuwa nimenyamaza tu. Sasa aliniroga kabla hatujagombana?"

Mjomba akakohoa. "Dada, wewe huyajui mambo haya."

"Nayajua. Nani alikuwa ananitwisha tenga pale nyumbani kwa mama? Si wewe? Ukitaka kumtaja aliyelimaliza goti langu, anza kujitaja mwenyewe."

Watu walicheka, na mjomba mwenyewe akacheka mwisho, ingawa kwa shida. Mama mkwe akanigeukia. "Zena, kamwite Tatu. Mwambie nataka anisindikize hospitali."

Nilimkuta Bi Tatu amejifungia. Maneno yalikwishamfikia. Alikuja nyuma yangu polepole, khanga ameikaza kifuani, akasimama uani na kuuliza, "Umeniita nije kujibu nini, Mwajuma?"

"Uje unishike mkono wa pili. Huyu mtoto peke yake haniwezi."

Bi Tatu alikaa chini pale pale akalia. Sijawahi kuona mtu aliyetuliwa mzigo mzito namna ile.

Kesho yake tulikwenda mjini, sisi watatu. Daktari alimpiga picha ya goti, akatueleza kwa upole kwamba gegedu, kile kitu laini chenye utelezi kinachokaa kati ya mifupa, kimelika. "Halitarudi kuwa goti la msichana, mama," alisema. "Lakini maumivu tutayapunguza, na utatembea." Akampa dawa za kumeza baada ya kula, siku za maumivu makali, akamwambia arudi aonekane tena. Kisha mtaalamu wa mazoezi akamfundisha kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu, kuushikilia hewani, kuushusha taratibu. Fimbo ashike mkono wa kushoto, maana goti bovu ni la kulia. Na matenga kichwani, basi.

Mama mkwe aliuliza jambo moja tu. "Na kusujudu?" Daktari akamwambia amuulize shehe wake. Shehe akamjibu aswali kwenye kiti, Mungu anajua hali yake.

Mume wangu alichonga kiti chenye tundu akakiweka chooni, na toka siku hiyo hakuna aliyemkuta mama yake akilia kule. Bi Tatu naye kila asubuhi alipita kwetu, akijifanya anaomba moto, kumbe anakuja kumsimamia mazoezi. Mwishowe wakawa wanayafanya wote wawili benchini, huku wanasengenya mtaa mzima.

Sitakudanganya kwamba goti lilipona. Siku za baridi lilikaza, na mlima hakuupanda tena kama zamani. Lakini alitembea, alikwenda misibani na harusini. Mwali wa ukoo alipotolewa, mama mkwe aliwekewa kiti katikati ya uwanja, akaushika wimbo, na Bi Tatu akacheza kwa ajili ya wote wawili. Nilimsikia mama mkwe akimwambia mjomba, "Miguu yangu ile pale, itazame inavyochezea vumbi."

Leo mwanangu, magoti yangu nayo yamechoka. Asubuhi nayanyoosha kitandani kwanza, ndipo natia mguu chini. Nina fimbo, nina kiti changu cha kuswalia, kliniki naenda, na mzigo nambebesha mwenye nguvu. Naishi vizuri, wala sioni aibu.

Kwa hiyo nisikilize. Goti likikuuma wiki nenda wiki rudi, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana mzee, nenda ukapimwe mapema. Vidonge vya mnadani vinavyotuliza siku hiyo hiyo usivimeze kabla hujamuuliza mwenye utaalamu. Usikae kitako ukidhani unalipumzisha, lifanyishe kazi ndogo ndogo. Mzee akiingia kwako, mpe kiti kabla hajaomba, mkeka si kwa kila mtu. Na mwili ukichakaa, usitafute jirani wa kumtwisha lawama. Maumivu utabaki nayo, na jirani utakuwa umempoteza.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, akupe na watu wa kuuishi nao. Siku utakapokaa chini ukashindwa kuinuka, mikono miwili ikufikie kabla hujaita.