Mkoromo wa Baba Aluel

Miaka ile ya tisini, kupelekwa Lodwar kukatwa tezi za koo kulikuwa heshima kubwa kambini Kakuma. Mtoto wa jirani alirudi kwa gari la shirika akitafuna biskuti, na tangu siku hiyo mama yake hasalimiki. Agot, mjane muuza chai aliyekimbia vita Sudan, alishindwa kuvumilia. Akamshika mkono bintiye Aluel, akaenda zahanati na uongo wa kutosha kambi nzima.

"Koo ya mtoto yangu naharibika kila wiki," akamwambia daktari Lomuria. "Wewe kata."

Lomuria, Mturkana asiyecheka ovyo, alimulika koo. "Liliuma lini mara ya mwisho?"

"Wakati wa mvua."

Kakuma, mvua ni habari ya mwaka jana.

"Mama Aluel, hiyo haitoshi. Koo la kuuma mara mojamoja linatibiwa kwa dawa. Kukata kuna kuvuja damu, kuna hatari."

Agot alikuwa ameanza kumtukana kwa Kidinka wakati Aluel aliposinzia kwenye benchi, akakoroma. Wagonjwa wote wakageuka. Agot akavimba kichwa. Mumewe, aliyeponyoka risasi zote kisha akafia usingizini, alikoroma hivyohivyo hata ng'ombe zizini wakajua mwenyewe yupo. Urithi pekee ambao Agot aliuvusha mpaka wa Sudan ulikuwa mkoromo huo.

Ghafla ukakatika. Kifua cha mtoto kikavuta, hewa haiingii. Lomuria akasimama. Aluel akashtuka, akahema kama aliyeopolewa majini, akasinzia tena.

"Hufanya hivi?"

"Kila usiku. Kama baba yake," Agot akasema, akitabasamu.

"Basi hii ndiyo sababu ya kukata. Tezi za koo na nyama ya nyuma ya pua zimemziba. Anakabwa usingizini."

Sasa ikawa zamu ya Agot kukataa. Koo wachukue, mkoromo wa mume wake wauache. Lomuria alimsogeza karibu na benchi. Aliuchukua mkono wa Agot, akauweka kifuani pa mtoto, wakangoja. Mkoromo ukakatika tena. Agot akasahau gari, biskuti na jirani.

"Peleka yeye," akasema.

Lodwar, baada ya upasuaji, Aluel alilala mchana kweupe, kimya. Agot akaweka kidole chini ya pua yake. Pumzi ikaja, ikaenda, ikaja. Hapo ndipo alipolia, mpaka nesi akaja mbio akidhani mtoto amekufa. Miaka yote ile alilala kando ya mwanamume aliyekuwa akikabwa, huku yeye akiwaringia majirani mkoromo ule.