Fize ya Makopo ya Maziwa

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya kufundisha, kule Mahagi-Port, kando ya ziwa, Masera Direktrisi, mutawa aliyeongoza masomo, alinipa boksi moja ya chaki na kaye, daftari moja tupu, akaniuliza kama najua ile kaye ni ya nini. Nilikuwa binti mwembamba mwenye liputa mupya ya kitenge. Nikamujibu: "Ya kuandika majina ya watoto, Masera."

"Hapana, binti yangu. Hiyo ni ya maulizo. Kila kitu mutoto anauliza, unaandika sawa vile ametamka. Saa sita ya muchana nitapita kusoma. Nikikuta page iko nyeupe, nitajua ulikuwa unawanyamazisha."

Asubuhi ileile mutoto mumoja wa muvuvi alinyosha kidole juu: "Metresi, mwezi inatafuta nini muchana?" Miye, kwa woga wa kutojua, nikamwambia ikala chini, nyamaza. Saa sita page ilikuwa nyeupe. Masera akanituma nisimame kesho yake mbele ya watoto wote niseme sijui. Nililia njia muzima, nikamutukana moyoni. Lakini kesho yake nilisema, kisha tukatoka wote uwanjani kuangalia ile mwezi, na watoto wakaniuliza mambo mpaka kaye ikapata page tatu.

Nyinyi mametresi wa leo munapenda kunicheka kwamba nilifundisha mambo ya angani watoto ambao bado wanakojoa mu kaptula. Mucheke tu. Siye wa maternelle, masomo ya watoto wadogo, tunafanyaka kazi kwa thème, maana yake jambo moja linatembea wiki muzima mu nyimbo, mu hesabu, mu udongo wa kufinyanga. Wengine walichukua thème ya matunda ao ya soko. Miye nilichukua jua, mwezi na nyota, juu ya ile ulizo ya kwanza, na pia kwa sababu mwezi haina mwenyewe. Hakuna mutoto atamwambia mwenzake kwamba ni ya kwao peke yao.

Kule Bogoro, posti yangu ya pili, tulichora mwezi kila asubuhi iliyoonekana, na watoto walibishana ni nani anaikula kidogo kidogo. Siku vita ilitukimbiza kutoka Bogoro nilisahau sufuria, nilisahau hata viatu vya kanisa. Kaye nilikuwa nayo, nimeifunga tumboni na liputa.

Posti ya mwisho ilikuwa Bunia, kartie Ngezi, darasa ya mbao na bati. Huko ndiko nilipokea Furaha. Alikuwa na miaka tano, koko yake, bibi muzee, ndiye alimuleta. Walitoka kwao mbio, wazazi hawakufika. Tangu ile siku mutoto hakusema neno. Miezi munane! Mu darasa yangu aliikala nyuma, anachora mwezi tu, moja juu ya ingine. Masera alishakufa zamani, lakini kila saa sita nilisikia sauti yake: page ya Furaha iko nyeupe. Niliogopa sana, niseme ukweli. Niliogopa ile kimya itamuzoea.

Basi nikaleta kazi kubwa. Tulikusanya makopo ya maziwa, tukayapandisha moja juu ya ingine, tukayavika karatasi nyekundu. Nikawaambia watoto hiki ndicho chombo kinapeleka watu ku mwezi, mu Kifaransa kinaitwa fusée. Siku hiyo, mara ya kwanza, Furaha aliacha kalamu akakuja kushika kopo.

Kesho yake koko yake aliingia darasani bila kubisha hodi.

"Metresi, weye iko mutu wa namna gani? Miezi munane mutoto hasemi. Jana anafungua kinywa, ananiambia: 'Koko, tunatengeneza fizi ku masomo.' Fizi! Siye tulikimbia fizi, na weye unafundisha batoto kuzitengeneza?"

Fizi, kwetu, ni fusil ya Kifaransa, bunduki. Nilijieleza mpaka koo ikakauka. Aka! Hakusikia kitu. Alimubeba Furaha mugongoni akaenda, na kufika saa ine wazazi wengine walikuwa wamejaa mbele ya biro ya Direkta.

"Mama Anastazia," Direkta akaniambia, bila kuniangalia, "kesho Ensipekta anakuja. Akiona ni kweli, darasa inafungwa. Na ule mutoto, koko anasema hatamurudisha tena."

Darasa, ningepata ingine. Lakini Furaha alikuwa ametoa neno lake la kwanza, na wakamupigia makelele. Nilijua akirudi mu kimya safari hii, hatatoka tena.

Ensipekta alifika mapema, mutu murefu wa miwani, na kalamu yake ya Bic nyekundu mu mufuko wa shati. Aliagiza koko aitwe pia. Akaomba fishi yangu ya préparation, ile karatasi metresi anaandika somo lote mbele ya kulifundisha. Akaisoma polepole. Koko alisimama ku mulango, amemushika Furaha mukono kwa nguvu.

"Umeandika muzuri," Ensipekta akasema. "F, u, s, é, e. Sasa soma hii neno kwa sauti, sawa vile uliwasomea batoto."

Nikasoma.

"Rudia."

Nikarudia, na safari hii nikajisikia. Fizi. Ulimi wangu wa mutu wa ziwa! Miaka yote hiyo nilisema fizi pahali pa fize, na hakuna mutu aliyenirekebisha.

"Mutoto alisikia sawa," Ensipekta akasema. "Neno ni lako, Metresi."

Haya ilinishika. Nikaenda ku mulango, nikapiga magoti mbele ya Furaha, watoto wote wanaangalia.

"Furaha, weye haukukosea. Ni miye Metresi nilikosea. Ulisema muzuri."

Nyuma yangu Ensipekta akaambia watoto waonyeshe hicho chombo. Wakakisimamisha katikati, wakaanza kuhesabu kwa kurudi nyuma: kumi, tisa, munane. Kufika zéro, hakuna aliyepiga kelele ya mulipuko. Sikuwafundisha hiyo kelele, siye hapa tunaijua bila masomo. Waliinua mikono tu, wakaangalia juu ku bati, kimya.

Na mu ile kimya sauti ndogo ikatoka ku mulango, yenye kukwaruza:

"Metresi, kule ku mwezi, bantu banakimbiaka?"

Koko aliikala chini palepale, akalia kwa sauti. Miye nilisimama sawa mutu wa udongo. Ensipekta akavua miwani.

"Unangoja nini, Mama? Andika."

Darasa haikufungwa. Furaha alirudi, na mwisho wa mwaka nilikuwa namwambia anyamaze kidogo wengine pia waseme.

Sasa nimepumuzika. Magoti inauma, kaye ziko mu kantini, sanduku ya bati, chini ya kitanda. Furaha iko mu primaire ya sita, na akitoka masomo anapitia kwangu. Juzi alitoa kaye moja, akakuta ulizo lake la kwanza, akacheka. Nikamuuliza kama sasa anajua jibu.

"Hapana, Metresi, kule hawakimbii. Kule hakuna mutu." Akafunga kaye, akaangalia barabara. "Sasa siye huku, kwa nini tunakimbizanaka?"

"Sijui," nikamwambia, na nikatafuta Bic.