Mizani ya Baba Mdogo Masanja

Utotoni mwangu, katika kijiji kisicho mbali na Bariadi, ng'ombe hawakuhesabiwa kwa sauti, wala mtoto hakusifiwa unene mbele ya watu. Bibi alikuwa na katazo jingine ambalo sikuwahi kulisikia kwingine: mtu aliye hai asipimwe kwa mizani ya mizigo. Akipimwa, alisema, ataanza kupungua.

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba. Mmoja wao alikodi ghala letu, akatundika mizani yake kwenye boriti ya baraza, akamwajiri baba mdogo Masanja, kitinda mimba wa bibi, kuwa mpimaji. Baba mdogo alikuwa mnene na mcheshi. Wakulima walikuwa na kinyongo na kila mizani tangu enzi za ushirika, na kinyongo chao kikaishia mwilini mwake.

"Ngosha," yaani mwanamume, walimtania wakishusha mizigo, "hilo tumbo nusu yake ni pamba yangu."

Alicheka nao. Siku moja mzee mmoja hakucheka. Alimgusa tumbo kwa fimbo, akasema, "Sisi tunalima, wewe unanenepa." Baba mdogo akaendelea kupima.

Jioni ile, watu walipoondoka, alishika ndoano ya mizani kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia, huku amepinda shingo kusoma mshale. Bibi alimwona kutoka jikoni. Nakumbuka alivyouweka mwiko chini.

"Shuka, Masanja. Wewe si mzigo."

"Natania tu, mayu," alijibu, kwa neno letu la mama.

Kumbe hakuwa akitania. Akawa anajipima kila bibi anapokwenda kisimani. Kwamba hali chakula, hatukugundua mapema, na sababu ni namna tulivyokula. Wanaume kwetu walikula shikome, yaani kwenye moto wa jioni uani, wote sahani moja. Mkono wake uliingia kwenye ugali kama mikono mingine, ukamega, ukachovya. Tonge liliishia wapi, hakuna aliyefuatilia. Kumtazama mwenzako mdomoni ni utovu wa adabu. Mimi niliyekusanya vyombo niliona tu kwamba mbwa wetu amenenepa, na kwamba hakai tena ila nyuma ya kigoda cha baba mdogo.

Mashati yalipoanza kumpwaya, kijiji kikasema amefanywa msukule, kuna mtu anamlimisha shamba lake usiku. Wengine walinong'ona juu ya ugonjwa ambao siku zile haukutajwa jina. Zahanati hawakuona kitu. Baba akampeleka kwa mfumu, mganga wa kwetu, ambaye alimpasua kuku na kusema babu aliyempa jina amekasirika. Tukachinja mbuzi. Baba mdogo alipewa ini la kwanza, akalishika mdomoni mpaka machozi yakamtoka, kisha akaenda kulitema nyuma ya zizi. Baba alimfuata, akamuuliza kwa upole nani anamkataza kula.

"Nikila tu, kaka, naona linarudi," alisema, akishika tumbo ambalo halikuwapo.

Bibi aliyasikia hayo. Kesho yake aliamuru mizani ishushwe, mnunuzi atake asitake. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi: alibeba kigoda chake hadi shikome, na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Wanaume walisogea kumpisha. Alikaa ubavuni mwa mwanawe, akala kipande kimoja, akampa kimoja, akangoja.

"Sikupimi," alimwambia. "Kula tu."

Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni, mara nyingine hadi moto unabaki majivu. Mashavu yake yakaanza kujaa kidogo. Nilimsikia akitania tena, nikadhani yamekwisha.

Msimu uliofuata mnunuzi alihamishia mizani Maswa, na baba mdogo akaifuata. Huko hapakuwa na mtu wa kukaa ubavuni mwake. Alirudishwa juu ya lori la pamba kabla ya mvua za kupandia, na baba alimshusha peke yake, kama anavyoshushwa mtoto aliyelala. Alifariki wiki hiyohiyo. Bibi hakusema hata mara moja kwamba alionya.

Sasa najua kuwa ugonjwa ule wa kujinyima chakula una jina, na kwamba unawapata wanaume pia. Siamini kwamba mizani ilimla. Lakini katika sisi sote, na zahanati, na mfumu, ni bibi peke yake aliyeona mahali ulipoanzia.

Nilipompeleka mwanangu wa kwanza kliniki, muuguzi alimtundika kwenye mizani ya ndoano, aina ileile ya kupimia pamba. Akaniambia ameongezeka vizuri. Nilishukuru. Nikamshusha upesi, nikaketi benchini kumnyonyesha, nimeupa mshale kisogo.