Kidude Kilichopiga Hodi Bila Kusubiri

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nilipomnyang'anya Bi Salma daftari lake na kulitupa kwenye boksi la makaratasi chakavu, mbele ya wateja, huku nacheka. Hadi leo kicheko kile kikinirudia najichukia.

Bi Salma alikuwa na duka la dawa Mchafukoge, urithi wa baba yake, Mwarabu aliyezaliwa na kuzikwa mji huuhuu. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alifungua friji ya insulini, dawa ya wagonjwa wa sukari, akasoma kipimajoto na kuandika. Miaka na miaka hakuruka siku. Mimi nilikuwa msichana wa Newala, fundi wa redio na simu Kariakoo, nimejifunza juzijuzi tu kuandika programu za chipu, na kichwa kimeshajaa upepo.

Nilimtengenezea kidude cha ukubwa wa kiberiti. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kila baada ya dakika kumi kiingie kwenye mtandao, kiifikie seva, yaani kompyuta iliyokuwa ofisini kwa rafiki yangu kule Msimbazi, kisha kiiandikie mstari mmoja: JOTO 5. Seva ikipokea ingejibu: SAWA. Joto likizidi au kupungua mno, seva ingemtumia Bi Salma ujumbe kwenye simu. Juu ya friji niliweka taa ya kijani, nikamwambia ikiwaka ujue taarifa imefika, daftari la nini tena.

Sasa sikiliza upuuzi wangu. Kukifundisha kidude kusoma lile jibu kulinitoa jasho. Mara kisubiri hadi kikwame, mara kikate neno katikati, na wateja wengine wananiita. Nikaifuta sehemu ya kusubiri. Kikishasema lake, taa iwake, basi. Haraka haraka haina baraka, tuliiimba shuleni, nami nikadhani ni ya kuimbwa tu.

Wiki chache baadaye rafiki yangu alibadilisha utaratibu: kila kidude kijitambulishe kwanza kwa neno la siri. Alinipa taarifa. Nilichungulia dukani, nikaona taa inawaka, nikamjibu kwangu hakuna shida. Kumbe kila dakika kumi seva ilikuwa inakijibu kidude changu: HUJULIKANI. Na taa inawaka kijani.

Siku zilezile swichi ya baridi ya friji ikakwama, friji ikawa inapoza bila kukata. Usiku, mlango ukiwa umefungwa, dawa iliganda, mchana ikayeyuka. Insulini ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka, na kwa macho unaweza usiitambue. Mzee Athumani, fundi cherehani wa barazani palepale, alijichoma dawa ile iliyokufa siku tisa, akimwamini Bi Salma, naye Bi Salma akiiamini taa. Siku ya kumi alianguka juu ya cherehani yake.

Hospitali walipouliza dawa ilitunzwaje, Bi Salma aliniita, tukaenda Msimbazi kufungua kumbukumbu za seva. HUJULIKANI, HUJULIKANI, ukurasa kwa ukurasa. Seva haikunyamaza, mwanangu. Ilikataa waziwazi siku kumi, na ni mimi niliyekiziba kidude masikio.

Bi Salma hakupandisha sauti. "Mwanahawa," alisema, "kwenu Newala mtu akipiga hodi, asiitikiwe, akaingia na kujikalisha, mnamwitaje?"

"Hana adabu," nikajibu.

"Basi aliyemlea ni wewe. Mzee Athumani akirudi nyumbani, uende ukapige hodi mwenyewe."

Majuto ni mjukuu, lakini wako wasiotaka kumpokea. Juzi fundi mmoja wa Kariakoo, mwenye vyeti vinavyojaza ukuta, alinionyesha kidude cha friji ya chanjo. Nilimuuliza seva ikikataa taa inafanyaje. "Bi mkubwa, mbona imekubali," akaniambia, "taa si hiyo inawaka? Poa tu." Chanjo za watoto wa watu, poa tu. Nilikasirika, nikamwambia hakitoki mezani kwangu hadi kijifunze kusikiliza, na akinuna anune.

Fundi yule hajaufikia mlango nilioufikia mimi nilipotumwa na Bi Salma. Mzee Athumani alipotoka hospitali nilimfuata kwenye chumba chake kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Unajua desturi, ya tatu isipoitikiwa unarudi ulikotoka. Sijapata kusikiliza kitu duniani kama nilivyousikiliza mlango ule. Nikapiga ya tatu, na baada ya muda sauti nyembamba ikatoka ndani: "Karibu, mwanangu."

Nilimwamkia, nikaomba radhi nikilia. Hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi nimtungie, kwa sababu macho yake hayakurudi kama zamani. Nilikwenda kumtungia sindano zake kila Jumamosi, miaka yote, hadi Mungu alipomchukua.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, nawe uishike. Kusema si kufika. Kidude chako kikishatuma mstari, kisubiri jibu, kilisome lote, na taa ya kijani iwake kwa SAWA peke yake. Jibu likichelewa, kirudie. Mara tatu bila kuitikiwa, kiwashe nyekundu, hata kama mteja amesimama mlangoni anataka kijani. Na usimnyang'anye mtu mzima daftari lake. Lile la Bi Salma nililiokota mwenyewe chini ya boksi lilelile, siku tuliyotoka Msimbazi, nikalifuta vumbi, na kesho yake aliandika kama kawaida.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio pevu, akuepushe na sindano kama zile nilizotunga mimi. Na kila mlango utakaoubishia hodi, mwanangu, akujaalie subira ya kungoja hadi uitikiwe.