Mluzi katika Chumba cha Ultrasaundi

Bujiku, mfugaji wa Igawa, anasimulia kwamba kwenye kliniki moja jijini Mbeya walimchoma jirani yake Sayi sindano ndefu tumboni, mpaka mtoto akapiga mluzi humo humo ndani. Anaapa aliusikia mwenyewe, amekaa benchi la nje.

"Mluzi ulikuwepo," anacheka Yunisi Sanga, mpimaji wa ultrasaundi. "Sindano ndiyo haikuwepo."

Ilikuwa hivi. Saa tatu asubuhi, Sayi amelala kitandani, Yunisi anampaka jeli tumboni. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi saba. Hii nayo mtoto ni mdogo, na daktari anataka kujua: atolewe leo kwa upasuaji, au asubiriwe?

Yunisi anawaeleza kwa mfano wa shamba la mpunga, maana mumewe Sayi, Kulwa, mbali na kufuga analima pia. Mfereji ukiziba, maji yanasukumana kwa shida, halafu yanasimama. "Kwenye kamba ya kitovu cha mtoto ni hivyo hivyo. Nasikiliza kama damu inasimama kati ya pigo na pigo la moyo."

Lakini Sayi anahema haraka, macho yanatafuta sindano. Mawimbi ya damu kwenye kioo cha mashine yanarukaruka, hayasomeki. Yunisi anambembeleza apumue taratibu. Wapi.

Ndipo Kulwa, aliyechuchumaa mlangoni, anapiga mluzi mrefu wa sauti ya chini, ule wa kutuliza ng'ombe wanapokunywa maji.

"We Kulwa, mimi ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu hawaogopi hivyo."

Sayi anacheka. Kicheko kinapoisha, pumzi imetulia. Shwaa, shwaa, inasikika damu, na katikati haikatiki.

Daktari anaitwa, anatazama mawimbi. Mtoto ni mdogo kweli, ila damu inamfikia vizuri. Hakuna kupasua. Warudi baada ya wiki mbili.

Sayi anajifunika kanga usoni, anabaki amelala. Benchi la nje limejaa, lakini Yunisi hamharakishi.

Kazi hii ameifanya miaka minane, na bega la kulia linamuuma kila jioni. Anachotamani ni mashine ndogo ya kubeba mkononi. "Wengine wanatoka mbali, wanafika wamechelewa. Ningewafuata."

Kulwa anadakia. "Basi dada, siku ya mnada akina mama wote wanakuwepo Igawa. Njoo na hii."

Yunisi anaitazama mashine, kubwa kama kabati, waya wake ukutani. Anaipangusa jeli taratibu, kisha anamwita mama anayefuata.

Kulwa bado yuko mlangoni, kofia mkononi, anasubiri jibu la siku ya mnada.