Barabara ya Darwin

Joram Gichuki alikuwa seremala mwenye mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza. Mwaka wa 1954, wakati wa hali ya hatari, Mkikuyu kama yeye hakuruhusiwa kutoka nje ya shamba la chai alikofanya kazi kule Kericho bila pasi ya meneja. Amri ilipotoka, mkewe Wahu alikuwa Roret, akiuza nguo sokoni, naye hakuruhusiwa kurudi. Miezi mitano hawakuonana. Kisha habari ikafika kwamba Jumamosi Wahu angepakiwa kwenye lori arudishwe Nyeri, kwenye rizavu waliyotengewa Wakikuyu, na hakuna aliyejua ni kwa miaka mingapi.

Joram akamtumia salamu kwamba anakuja kumuaga, akaenda kuomba pasi. Meneja, mzungu aliyependa vitabu vya mimea kuliko watu, akamwambia amalize kwanza kuandika vibao vya barabara. Alikuwa ameamua kuzipa barabara zote za shamba majina ya wataalamu wa mimea na wanyama: Linnaeus, Mendel, Hooker, Darwin, marehemu watupu. Jirani wa Joram, mchuma chai aitwaye Chepngeno, alisimama kutazama rangi ikikauka.

“Huyu Mendel alichuma chai wapi?”

“Alikuwa anapanda minji, hizi njegere, kwao Ulaya. Bwana ndiye anasema.”

“Minji tu, na amepewa barabara? Na mimi nimechuma miaka tisa.”

Joram alicheka, lakini roho haikuwa hapo. Alikuwa akihesabu siku. Hakula mchana, alipaka rangi na kuchimba mashimo, na Ijumaa saa nane kibao cha mwisho kikasimama. Barabara kuu, ile inayokatiza shamba kutoka Roret hadi mji wa Kericho, ikawa Darwin. Meneja akafurahi kama mtoto, akaandika pasi, akatia sahihi, akapanda gari kwenda Nakuru hadi Jumatatu.

Kwenye kizuizi cha upande wa Roret, askari aitwaye Ondieki aliisoma pasi mara mbili.

“Hapa imeandikwa utembee Barabara ya Darwin. Hii ni barabara ya Roret.”

“Ni hii hii, afande. Bwana ameipatia jina mpya. Kibao niliandika mimi mwenyewe, iko pale nyuma.”

“Serikali haijui hiyo kibao yako. Roret haiko kwa hii karatasi. Rudi.”

Alisihi hadi sauti ikamkauka. Kulazimisha kupita kulikuwa ni kutafuta risasi, kwa hiyo akarudi, akiona wazi kwamba mlango wa kumfikia Wahu alikuwa ameupigilia misumari yeye mwenyewe. Ilimuuma sana.

Jumamosi asubuhi alisimama kando ya barabara. Lori likaja limejaa wanawake na mizigo yao. Wahu ndiye aliyemwona kwanza.

“Joram, ulisema utakuja.”

Lori halikupunguza mwendo. Joram alilikimbiza, akiita jina la Wahu, hadi mwisho wa shamba, kwenye kizuizi cha upande wa Kericho. Mti wa kizuizi uliinuliwa, lori likapita, kisha ukashushwa mbele ya kifua chake.